Mjadala: Fedha ya ukarabati Bagamoyo ianzie Boma la Mjerumani au nyumba za watu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila yanapoanza maneno ya kuufufua Mji Mkongwe wa Bagamoyo, jengo la kwanza kutajwa ni Boma, lile la ghorofa la mwaka 1897. Naelewa kwa nini. Ni kubwa, linatoka vizuri kwenye picha, na mgeni akishuka tu kwenye gari analiona. Upande wake mmoja uliporomoka kwenye mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 90, na tangu hapo kila mwenye suti anayepita hapa ana mpango nalo.

Mimi nasema Boma lisubiri. Shilingi ya kwanza iende kwenye nyumba za mawe zinazokaliwa, Mtaa wa India na vichochoro vyake.

Kwanza tuwekane sawa kwenye historia, maana wageni wanalishwa mengi. Wanaambiwa Boma ndiyo "ikulu ya koloni". Makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891. Boma limejengwa miaka sita baadaye, likawa ofisi ya wilaya. Mji wenyewe waliukuta umesimama: Ngome Kongwe ilijengwa na mfanyabiashara Mwarabu yapata mwaka 1860, mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni mwaka 1868, Wahindi walikuwa na maduka yao, na wapagazi walikuwa wakishuka na pembe za ndovu kutoka Ujiji. Tukiweka Boma mbele, tunamsimulia mgeni sura moja fupi kana kwamba ndiyo kitabu kizima.

Pili, nyumba hizi zina haraka kuliko Boma. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna shida na umri. Shida yake ni maji kuingia kwa juu. Paa likitoboka, boriti za mikoko zinaoza, mvua inashuka katikati ya ukuta na kuosha chokaa, jiwe linabaki halijashikwa na kitu. Ukuta uliovumilia zaidi ya miaka mia unaondoka kwa masika chache. Halafu mwenye nyumba, kwa uchungu wake, anakwenda dukani kununua kinachouzwa: saruji. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, na ikibanduka inabanduka na jiwe. Boma limeshabomoka kiasi chake, linaweza kungoja. Nyumba ya mtu haingoji.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Mwongoza wageni, Dunda

Kaka, umeongea kama mtu ambaye hajawahi kushika kundi la wageni jua la saa saba. Wanatoka Dar asubuhi. Tunaanza Kaole kwenye msikiti na makaburi ya nguzo, tunakwenda misheni, tunapita mjini, samaki pale Forodhani, jioni wamerudi Dar. Hapo mjini nawaonyesha nini cha kuingia ndani? Siwezi kubisha hodi kwa mtu na wazungu kumi na wawili, kuna nguo zimeanikwa na mama anapika. Boma likikarabatiwa linakuwa na tiketi, choo, duka la vinyago, vijana wanne wana ajira. Paa la Mtaa wa India litaajiri nani?

Na usidharau kinachowavuta. Wengi wamesikia jina la Livingstone tu. Mwili wake ulifika misheni Februari 1874, na hapo ndipo ninapopata nafasi ya kuwaambia kuhusu Chuma na Susi na wenzao, waliombeba kwa miezi mingi kutoka huko ambako leo ni Zambia. Jengo linaleta mtu, maneno ni yetu sisi.

Mchangiaji kutoka Tanga

Nakazia hapo. Tanga Boma la zamani limefanywa makumbusho, asasi ya Urithi wanaliendesha, na watoto wa shule wanaingia kuona picha za mji wao. Lisingekarabatiwa wangeingia wapi?

Mjukuu wa Pangani

Mimi lianguke tu. Mwaka huohuo wa 1897 ndio Mjerumani alitangaza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha akalipa kwa jasho. Abushiri, aliyeongoza vita ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, walimnyonga kwetu Pangani Desemba 1889. Hapo Bagamoyo makaburi ya Wajerumani waliokufa kwenye vita ile yana ukuta na majina. Pale ufukweni walipokuwa wakinyongea watu wetu pana mnara wenye kibao kinachowataja kwa jumla jumla. Sasa mnatafuta fedha ya kumpakia rangi nani?

Mwongoza wageni, Dunda

Lianguke, halafu mjukuu wako utamwonyesha nini ukimwambia habari za hiyo kodi? Kiwanja chenye majani?

Mrithi, Mtaa wa India

Niruhusuni na mimi ambaye paa linalozungumzwa ni langu, au tuseme ni letu, maana hapo ndipo penye tatizo. Nyumba aliacha babu. Warithi wengine wako Unguja, wengine Dar, mmoja Muscat anayepiga simu sikukuu. Mleta mada anasema fedha ije kwetu. Ije kwa nani? Nani asaini? Ikiingia mkononi mwa mmoja, hiyo ni kesi ya kutosha mpaka wajukuu wazeeke.

Halafu tuko chini ya sheria ya mambo ya kale, ya mwaka 1964. Huruhusiwi kubadili kitu bila kibali. Sawa, siipingi. Lakini niliwahi kuomba kibali cha dirisha, nikazungushwa ofisi hadi ofisi, nikaishia kuziba kwa bati. Boriti nazo, mikoko haikatwi ovyo, inataka leseni, na bei yake inanishinda. Kwa hiyo sheria inanikataza saruji na mfuko unanikataza chokaa. Mnataka nifanye nini, niombe dua mvua isinyeshe?

Mimi sitaki fedha. Nataka fundi anayejua chokaa, boriti zilizokatwa kihalali, na kibali kinachotoka kabla ya masika. Hivyo vitatu havina mgogoro wa mirathi, kwa sababu haviliwi.

Na hofu yangu nyingine niiseme: nyumba ikishapendeza, anakuja mtu na begi la dola anataka hoteli. Unguja tumeona. Mji unabaki mzuri, wenyewe wako shamba.

Mleta mada

Mrithi, umenipa nilichokuwa nakitafuta. Vifaa na fundi, si hundi. Nyongeza yangu: sehemu ya viingilio vya vituo vya kale hapa wilayani iende kununua chokaa na boriti, na vijana wafundishwe kazi hiyo kwenye nyumba zenyewe. Mwongoza wageni, hizo ndizo ajira, na ni zaidi ya vijana wanne wa tiketi. Siku wakishaiva mikono, wapelekwe Boma.

Na kuhusu kinachomfanya mgeni alale Bagamoyo, siyo jengo. Angalia wiki ya tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa na utamaduni hapa Bagamoyo, lipo tangu mwaka 1982: vyumba vinajaa kwa sababu ya ngoma na watu. Anayekuja kuona gofu anarudi Dar jioni, wewe mwenyewe umesema.

Mjukuu wa Pangani, suala la majina pale ufukweni nakubaliana nawe moja kwa moja. Linahitaji watafiti waingie kwenye nyaraka za Wajerumani. Rais wao aliomba radhi Songea mwaka 2023, basi watufungulie na makabati.

Mjukuu wa Pangani

Makabati ndiyo. Rangi ya Boma bado sijakubali.

Mwongoza wageni, Dunda

Haya, tufanye hivi. Ianze nyumba moja, ambayo warithi wote wako karibu na wanaongea. Mafundi wakiwa juu ya paa, mimi nitapitisha kundi langu mtaa huo, waone chokaa inavyochanganywa. Hilo mgeni atalipia, nina hakika. Tunasimama barazani tu, ndani hatuingii.

Mrithi, Mtaa wa India

Baraza ruksa, na kahawa mtainunua kwetu. Ila anayempiga picha bibi bila kumwomba, asinilaumu kitakachomkuta.