Aceh au Sri Lanka: wanafunzi tuwapeleke wapi?

MwalimuLikoni: Assalamu alaikum, na wengine hamjambo. Klabu yetu ya mazingira yataka kwenda kuona watu wa pwani walivyojijenga upya baada ya tsunami ya 2004. Tumebakisha mawili: Banda Aceh, Indonesia, au kusini mwa Sri Lanka. Amana yatakiwa Ijumaa. Mwaonaje?

BintiKibokoni: Waalaikum salaam mwalimu. Watoto wangapi? Umri gani? Siku ngapi, na kila mzazi atoa shilingi ngapi? Hujatwambia hata moja.

Nahodha_Mtongwe: Aceh. Kule kuna PLTD Apung, meli ya kuzalisha umeme ya tani 2,600. Maji yaliichukua kilomita zaidi ya mbili yakaiweka katikati ya nyumba za watu, na mpaka leo iko papo hapo. Msikiti wa Baiturrahman ulisalimika. Makumbusho ya tsunami yalifunguliwa 2009. Mtoto akisimama chini ya meli ile hahitaji kuelezwa nguvu ya bahari.

AbuShamsa: Meli ni chuma tu. Nenda Galle, kuna ngome iliyoanzwa na Wareno kama Fort Jesus yetu, na mji wa ndani ya kuta ulisitirika kuliko wa nje. Halafu Peraliya, ambako treni ilipigwa na wimbi wakafa zaidi ya watu 1,000.

MamaZuu: Mwalimu, nisikize kabla hujatoa amana. Mie nilifuatana na watoto wa shule moja ya hapa kwenda huko huko Sri Lanka. Wakala alituahidi siku tatu na wavuvi. Tukapewa saa moja. Mama mmoja akasimamishwa mbele ya watoto wetu aeleze alivyopoteza wanawe wawili. Mkalimani amharakisha, watoto wameinua simu wapiga picha. Yule mama akalia, akajifunika uso kwa mtandio, na bado akaambiwa aendelee. Kati yetu alikuwako msichana ambaye babake alizama baharini. Usiku ule hakula, na alipofika nyumbani hakutaka kuzungumza habari ya safari. Baadaye nikajua yule mama hakulipwa kitu. Muulize wakala wako: mwenyeji ni nani, ameridhia, apata nini?

MwalimuLikoni: Pole sana dada. Hilo sikuliuliza. Watoto ni 24, kidato cha pili na cha tatu. Bei wazazi hatujawaambia.

BintiKibokoni: Wazazi hawajui, na Ijumaa ni keshokutwa!

Kisauni_K: Kwani tsunami yenyewe si ilifika hapa? Mie nakumbuka maji yalivyorudi nyuma.

AbuShamsa: Hapa hapakuwa na kitu.

Nahodha_Mtongwe: Palikuwa na kitu. Ilikuwa Jumapili. Sumatra, kisiwa chenye hiyo Aceh, ilitetemeka karibu saa kumi alfajiri saa zetu, maji yakatufikia mchana. Tulikuwa na muda, watu wakaondolewa ufuoni. Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia, Hafun na jirani zake, walikufa mamia. Wale ni watu wa bahari moja nasi na hakuna awatajaye.

BintiKibokoni: Na Simeulue, kisiwa cha huko huko Aceh, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko? Katika watu kama 78,000 walikufa saba. Tangu wimbi la 1907 wazee walikuwa wakiwasimulia watoto habari ya "smong": ardhi ikitikisika na bahari ikikauka, kimbilia mlimani. Ningekuwa mwalimu, ningekwenda kusikiliza hilo.

MamaZuu: Anza na Gazi. Kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko. Wauza kaboni tangu 2013, yaani walipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko yao, na pesa zimeleta maji na vitu vya shule. Watoto wapande miche kwa mikono yao.

Nahodha_Mtongwe: Mikoko haizuii wimbi kama lile la Aceh.

MamaZuu: Sikusema yazuia. Yapunguza nguvu, na samaki huzaliana humo.

Kisauni_K: Gazi ukivuka feri wapanda matatu gani, ya Ukunda au ya Lunga Lunga?