FUNDI WETU YULE MNAYEMJUA KAMIMINA MAFUTA YA STELINGI KWENYE KIKOPO CHA KLACHI!!!

PedeliSakafuni:
Wakuu, jina sitaji, maana hata nikinyamaza mnamjua. Yule wa chini ya mwarobaini, miwani ya kuchomelea kichwani mpaka akinywa chai. Kaletewa Hilux ya zamani, ugonjwa wenyewe wa darasa la kwanza: pedeli ya klachi laini kama andazi lililolowa chai, gia ya rivasi inakwaruza. Hakufunua mpira wa vumbi wa klachi masta ya chini (pampu ndogo inayosukuma klachi kule kwenye gia boksi) aone kama kuna unyevu. Hakuinama chini ya dashibodi pale fito ya pedeli inapoingia masta ya juu (pampu inayosukumwa na pedeli). Kafungua kikopo, kaona kimepungua, kachukua chupa ya mafuta MEKUNDU ya stelingi, kamimina. Kuulizwa, anajibu huku anakaza mfuniko: "Hidroliki ni hidroliki."

Hidroliki ni hidroliki!!! Basi na supu ya pweza ni hidroliki, tuimimine. Mfuniko umeandikwa DOT 3, yaani mafuta ya breki, maandishi yamechomoza, hata gizani unayasoma kwa kidole. Na kidole chake kilikuwa juu ya hayo maandishi wakati anasema hidroliki ni hidroliki!

Mipira ya ndani ya hizo masta ni ya EPDM, aina ya mpira inayoelewana na mafuta ya breki tu. Ikionja mafuta ya jamii ya oili inavimba, inalegea, midomo yake haizibi tena, pistoni inakwama. Kazi ya ripea kiti moja (pakiti ya mipira mipya ya ndani) imegeuka masta ya juu, masta ya chini na hozi. Mafuta MEKUNDU, wakuu. Mekundu!

Kanda Mbili:
Umelia aya tatu na bado hujasema pedeli ililainika kwa nini. Upepo ulioingia kwenye mafuta, au masta? Pampu haraka mara tano sita: ikipanda na kukaza, kuna upepo. Ukiikandamiza na kuishikilia, gari liko gia ya kwanza, halafu likaanza kutambaa lenyewe, mpira wa ndani wa masta ya juu unapitisha mafuta, na nje hutaona hata tone. Hapo unaweza kutoa upepo mpaka Krismasi.

PedeliSakafuni:
Wewe unaongelea upepo, mimi naongelea mtu kasema hidroliki ni hidroliki huku anaangalia DOT 3!

Mzee wa Niple:
Acha kelele kwanza, usikanyage hiyo pedeli tena. Nyonya kidogo kwa sirinji kutoka kwenye kikopo, tia kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji. Yakielea juu, hiyo ni oili.

Kisha angalia kikopo. Kama klachi ina chake peke yake, shukuru. Magari mengine klachi na breki zinakunywa chombo kimoja, na hapo huyo fundi kagusa breki za magurudumu yote manne. Gari hilo haliendeshwi hata kutoka getini.

Kama ni klachi peke yake: toa masta zote mbili na hozi. Paipu ya chuma isafishe kwa spiriti, ipulize kwa kompresa hadi ikauke. Gasketi ya mfuniko tupa, nayo ni mpira. Ndani ya masta pitisha ukucha: ukikwama kwenye mkwaruzo, kiti haitasaidia, nunua masta nzima. Mafuta mapya DOT 3 au DOT 4, chupa ya nusu lita inatosha na inabaki. DOT 5 usiguse, ni ya silikoni.

Bibi Spana:
Hapo kwenye kununua ndipo mnapopigwa. Duka linakupa kiti "ya Hilux", boksi linang'aa, ndani mpira wa saizi nyingine. Masta ya chini kuna za 3/4, kuna za 13/16, na namba mara nyingi iko kwenye bodi yenyewe. Nenda na ya zamani mkononi, mpira ulinganishwe hapo hapo kaunta. Muuzaji akisema "zote zinaingiliana", ondoka.

Kanda Mbili:
Kuna duka moja mnalijua, yule jamaa anasema hivyo hivyo hata kwa bering.

OtoTu:
😂😂 Nunueni otomatiki mpumzike miguu.

Bibi Spana:
Otomatiki ikiharibika utauza kiwanja. Kaa pembeni.

Mzee wa Niple:
Nyie mnaokimbilia kutoa upepo, mnakosea kwa msaidizi. Anaachia pedeli niple (skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini) ikiwa wazi, upepo unarudi ndani, halafu lawama kwa masta. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chomeka kwenye niple, ncha yake nyingine izame kwenye mafuta kwenye chupa. Kandamiza, fungua, funga, NDIPO uachie. Kikopo kisishuke chini ya nusu. Ikigoma, fungua niple mafuta yashuke yenyewe polepole, au sukuma mafuta kutoka chini kwa sirinji. Upepo unapenda kupanda, usishindane nao.

Kanda Mbili:
Na kabla ya kununua chochote, bana hozi ya mpira kwa kibanio kisicho na meno, taratibu. Pedeli ikawa jiwe, masta ya juu nzima, tatizo liko chini. Ikibaki laini, ni masta ya juu au upepo uliokaa huko juu. Halafu achia, mtu akanyage, wewe shika hozi. Ikituna mkononi, imekwisha hata kama kwa nje inapendeza.

PedeliSakafuni:
Sawa, lakini mafuta mekundu jamani? Mbona hamkasiriki?

Ranger wa Mkoa:
Wewe una mpira wa vumbi wa kufunua, unalia nini? Sisi wa Ford Ranger silinda, yaani hiyo masta ya chini, imevaa shafti ndani ya gia boksi. Inavuja, unaona tone kwenye maungio ya injini na gia boksi, mpaka ushushe kila kitu. Na mafundi wanashusha, wanabadilisha pleti ya klachi, wanarudisha silinda ile ile ya zamani kubana matumizi. Ikianza kuvuja, gia boksi inashuka tena na hela ya kushusha unalipa wewe.

Bibi Spana:
Na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo pleti inalikamata, hawaigusi. Ina madoa ya bluu ya kuungua, wanafunga pleti mpya juu yake, gari linatetemeka likiondoka, wanakwambia "itakaa sawa".

Ranger wa Mkoa:
Hiyo "itakaa sawa" ifunguliwe uzi wake.

OtoTu:
Kuchonga flaiwili siku hizi bei gani?

Kanda Mbili:
Si ulisema unapumzisha miguu?

OtoTu:
Ni ya Canter ya shemeji.

Bibi Spana:
Bei inategemea uharibifu. Kama ina nyufa ndefu hawachongi, badilisha. Na shemeji aangalie sili ya nyuma ya injini wakati gia boksi iko chini, oili ikifika kwenye pleti hata mpya itateleza.