Narudi kwenye baiskeli baada ya miaka 20: nifufue ya zamani au nichukue nyingine?

Mwendapole

Wakuu, naombeni ushauri. Umri 51, urefu sm 172, kilo 94, mguu kwa ndani sm 80 bila viatu. Stoo kuna baiskeli ya resi ya zamani, usukani wa pembe. Tairi zimeandikwa 27 x 1¼, mbele ina sproketi za meno 52 na 42, nyuma gia sita, kubwa kabisa ina meno 24. Haijatoka nje kwa miaka 20.

Mpango ni kilomita 10 hadi 25, mara tatu kwa wiki. Theluthi mbili ni lami iliyochakaa, iliyobaki changarawe, na kuna mlima mmoja mrefu. Kiuno hukaza nikiinama muda mrefu. Niifufue hiyo, au nitafute ya milimani yenye shokapu?

SpokuThelathini

Mkuu, anza na gia kabla ya kuuliza aina. Chukua hiyo 42 ya mbele na 24 ya nyuma: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 1.75, kwa hiyo unasogea mita 3.8 hivi. Ili uzungushe pedali mara 60 kwa dakika, inabidi uwe unakwenda karibu kilomita 14 kwa saa. Mlimani, kwa kilo 94 na miguu iliyopumzika miaka 20? Haiwezekani. Utashuka hadi mizunguko 30, kila mkanyago unakuwa sawa na kupanda ngazi mbili mbili, na goti ndilo litakalolipa.

Sasa linganisha na sproketi ya 30 mbele na 34 nyuma: unasogea kama mita 1.9 kwa mzunguko, na mizunguko 60 inakupa kilomita 7 kwa saa. Hapo unapanda umekaa, unaongea. Kwa hiyo ukienda kuangalia baiskeli, hesabu meno. Gia nyepesi kabisa, idadi ya meno ya mbele isizidi ya nyuma. Maneno "gia 21" hayakwambii lolote.

Hiyo ya stoo ningeiacha. Tairi la 27 x 1¼ hukaa kwenye rimu ya kipimo cha 630, na rimu nyingi za leo ni 622. Tofauti ni milimita 8 tu za kipenyo, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine, na ukibadili magurudumu, raba za breki zinahitaji kushuka milimita 4 zaidi. Ongeza waya zote, tairi, tyubu, raba, friwili na mnyororo, halafu bado usukani uko chini na kiuno kinalia.

Kinachokufaa ni haibridi: usukani ulionyooka, foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kawaida isiyo na shokapu, breki za diski, tairi za mm 38 hadi 42. Upepo anza na psi 45 mbele na 50 nyuma, kisha punguza au ongeza mbili mbili, bila kuvuka mipaka iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

GololiNane

Naunga mkono gia, ila usukani ulionyooka nina shaka nao. Safari ya saa moja na nusu mkono ukiwa mahali pamoja, vidole viwili vya mwisho vinaanza kufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiganja. Akichukua ulionyooka, atafute vishikio vyenye bawa pana la kuegemeza kiganja. Au achukue ya changarawe yenye usukani wa pembe, mradi uwe juu.

Na hapo kwenye "uwe juu", usidanganyike na herufi M. M ya kampuni moja na M ya nyingine hupishana hata sentimita 2 au 3. Angalia jedwali la vipimo vya fremu. Kuna kimo, yaani wima kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mhimili unaozungushwa na mikono ya pedali) hadi mdomo wa juu wa bomba la usukani. Na kuna ufikio, yaani umbali wa mlalo kati ya nukta hizohizo mbili. Kwa kiuno kinachokaza, tafuta kimo kikubwa na ufikio mfupi. Shingo ya usukani hubadilishwa kirahisi. Fremu ndefu ndiyo basi tena.

Shokapu za bei nafuu sahau. Zinaongeza kilo moja na zaidi, zinadundadunda ukisimama kupanda, na spring yake haikuwekwa kwa uzito wako. Tairi pana linafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwenye changarawe. Pesa hiyo iende kwenye gurudumu la nyuma lenye spoku 32 au 36. Kwa uzito wa kilo 94 zile za spoku 20 zitakupeleka kwa fundi kila mara.

Mwendapole

Asanteni sana. Nimepata haibridi iliyotumika, mbele sproketi za meno 46 na 30, nyuma meno 11 hadi 34. Nikague nini kabla ya kutoa pesa? Na siti niiweke juu kiasi gani?

FundiMkimya

30 kwa 34, gia hizo zinafaa.

Mnyororo: weka rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele yake. Mpya ni mm 304.8. Ikivuka 306, mnyororo umekwisha. Ikifika 308, jua na sproketi za nyuma zimelika. Ukivisha mnyororo mpya utaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Toa gharama hiyo kwenye bei.

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kiko kwenye kiungo cha foko na fremu. Kikigonga, gololi zimelegea au zimekwisha. Shika mkono wa kranki, uvute upande kwa upande: usicheze. Kagua rangi chini ya bomba la usukani. Ikijikunja au ikipasuka mstari, fremu imegonga kitu. Ondoka.

Siti: sm 80 mara 0.883 ni sm 70.6, kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Hiyo ni ya kuanzia. Hakiki kwa kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Maumivu mbele ya goti mara nyingi ni siti iko chini mno. Nyuma ya goti, iko juu mno. Rekebisha mm 5 kwa wakati, si zaidi. Na usinunue siti laini kama godoro: mifupa ya makalio inazama, sponji inapanda katikati, na ganzi inaanza.

Kitu ambacho wengi husahau: legeza skrubu ya nguzo ya siti, uizungushe pale pale mbele ya muuzaji. Ya alumini ndani ya fremu ya chuma hugandana kwa kutu. Isipozunguka, hizo sm 70.6 hutazipata, hata kama baiskeli yote inang'aa.