Nyumba za kale za Uhindini, Iringa: zilindwe kisheria au mwenye mali aachiwe mali yake?

Mlandege Juu: Kamwene wakuu. Kuna nyumba ya ghorofa moja pale Uhindini, siitaji, wenyeji mtaijua. Chini duka, juu makazi, nyuma ua wenye jiko na bomba. Mbele kuna baraza la nguzo ambapo kila mpita njia amewahi kujibanza mvua ikinyesha, na juu kwenye paji la ukuta mwaka wa ujenzi umechorwa kwa lipu. Inasemekana itavunjwa pajengwe ghorofa nne za fremu za maduka.

Wengi hapa mjini wanadhani nyumba kama hiyo ina ulinzi kwa sababu ni kuukuu. Haina. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mwaka huo mji huu haukuwepo. Wajerumani waliuanzisha baada ya kuivunja Kalenga, makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Oktoba 1894. Kwa hiyo, kwa sheria hiyo, jengo la Iringa mjini hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Kichekesho ni kwamba sheria hiyohiyo inautambua mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Yaani mlango unaweza kuwa na haki kuliko ukuta unaoushikilia!

Mimi nasema zitangazwe, angalau zile za mitaa inayozunguka soko kuu. Nipingeni.

Mwenye Fremu: Nakupinga mchana kweupe. Nyumba ya namna hiyo ninayo. Bati limeoza, kenchi zimeliwa na mchwa, na kila masika mpangaji wa juu ananipigia simu usiku. Ukitangaza urithi, ukarabati atalipa nani? Wewe utapita unapiga picha.

Na msizungumze kana kwamba wenye nyumba ndio walioziua. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba. Miaka yote hiyo kodi ya pango ilikuwa ndogo, na kodi ndogo haibadilishi bati. Leo ndiyo mnakumbuka kuwa ni urithi?

Mtoto wa Kalenga: Mie linanikera jambo jingine. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga, Lipuli, ilipigwa mizinga, leo ukienda unaoneshwa mabaki tu. Halafu tutoe hela kulinda maduka ya enzi za wakoloni?

Mlandege Juu: Ndugu yangu, kweli inauma. Lakini angalia Boma la hapa mjini. Wajerumani walilijenga liwe hospitali, Waingereza wakaligeuza ofisi, na tangu 2016 ni makumbusho ambamo historia ya Wahehe inasimuliwa. Lingevunjwa, tungesimulia wapi? Na hizo nyumba za Uhindini hazikujijenga. Aliyebeba mawe na kufyatua tofali ni babu zetu.

Fundi wa Kihesa: Naomba niingie, maana mnabishana juu ya paa na tatizo liko ukutani.

Nyingi ya nyumba hizo nilizofungua mimi ni tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo au chokaa, ukuta mnene kweli. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani, na chokaa huuachia utoke nje polepole. Sasa mwenye nyumba anaona lipu imebanduka, anaita kijana, kijana anapiga saruji ngumu, juu yake rangi ya mafuta. Nje panang'aa. Ndani unyevu umefungiwa, hauna pa kutokea, unakula udongo wa katikati. Baada ya misimu kadhaa ukuta unavimba, watu wanasema nyumba imezeeka, ivunjwe. Haikuzeeka, imezibwa pumzi.

Dawa si ghali kama mnavyoogopa: bandua saruji, rudisha lipu ya chokaa na mchanga, chimba mtaro wa maji ya mvua mbali na msingi, badilisha bati. Kenchi zilizoliwa unakata kipande kibovu na kuunga mbao mpya, huna haja ya kung'oa zote. Na baridi yetu ya Juni mnaijua. Ukuta ule hushika joto la mchana hadi usiku. Hamia kwenye tofali za bloku za inchi tano na madirisha ya alumini, utaniambia.

Mwenye Fremu: Fundi, chokaa hailipi mkopo wa benki. Ghorofa nne zinalipa.

Mama Mshindo: Na kutangaza peke yake si kinga. Mji Mkongwe wa Unguja una mamlaka yake tangu 1985, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na bado Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka sehemu Desemba 2020 na kuua watu. Karatasi haizuii ukuta kuanguka.

Mlandege Juu: Dada, nakubali, ndiyo maana sitaki karatasi tupu. Wazo langu: mbele pabaki, yaani ukuta wa mbele, baraza na paji lenye mwaka. Nyuma kwenye ua mwenye nyumba aruhusiwe kupandisha ghorofa, mradi zisionekane kutoka barabarani. Na nyumba iliyotangazwa isamehewe kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU tukinunua umeme. Hiyo nafuu haitajenga paa, lakini itaonesha kuwa mzigo si wa mtu mmoja. Madiwani wanaweza kupeleka pendekezo hilo juu.

Mwenye Fremu: Hapo angalau umeongea kibiashara. Lakini viwanja vya pale ni vyembamba. Lori la mzigo litapita wapi kwenda nyuma kama mbele hapaguswi?

Fundi wa Kihesa: Nyingi zina uchochoro wa pembeni. Wako una upana gani?

Mwenye Fremu: Kirikuu inapita, Fuso haipiti. Njoo Jumamosi na futi yako tupime. Ikishindikana, baraza linaondoka, na nitakuwa nimewaambia mapema.