Mgodi wa makaa ya mawe ukivunja masharti ya maji, ufungwe siku hiyo hiyo?

Mleta mada: Wakuu, kibali cha mgodi wa makaa ya mawe huja na masharti kuhusu maji yanayotoka. Marekani, kwa mfano, pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, iwe kati ya 6 na 9, na tope linaloelea lisizidi miligramu 70 kwa lita siku yoyote ile. Mgodi ukizidisha unapigwa faini, unalipa, mwezi ujao unarudia. Faini imegeuka nauli. Mimi nasema ukivunja, funga. Anayepinga aje.

Fundi pampu: Napinga, na sina mgodi wa kuutetea. Hilo neno "funga" ndilo linanitisha. Kwenye makaa kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakikaa chini kusikofika hewa yametulia tu. Ukichimba, hewa na maji vinayafikia, tindikali inazaliwa, na kuna bakteria wanaoichochea ikaenda mbio. Sasa fukuza watu, zima pampu: maji yanapanda kwenye mahandaki, yanaosha chumvi zote zilizoganda kutani, halafu yanatafuta pa kutokea. Wheal Jane, Cornwall, kule Uingereza, pampu zilizimwa 1991. Januari 1992 maji yenye chuma na kadimiamu, metali yenye sumu, yakafumuka yakaingia mtoni, rangi ya kutu hadi kwenye mlango wa mto. Ule ulikuwa wa bati, najua mtaniambia, lakini pairaiti haiulizi unachimba nini. Kinachopaswa kusimama ni uchimbaji. Pampu na mtambo wa chokaa, ule unaoua tindikali ya maji, viendelee.

Mkulima wa bondeni: Makaa yasipouzwa, umeme wa hizo pampu analipa nani?

Fundi pampu: Hapo umenishika. Inatakiwa dhamana, yaani fedha ya kurekebisha madhara mgodi ukishindwa, iwekwe kabla ya kuanza kuchimba. Sheria ya Marekani ya 1977 inadai hivyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi hesabu hupigwa ya kufukia shimo na kuotesha nyasi, wakati maji yanaweza kuhitaji kutibiwa kwa miongo.

Mpima maji: Mimi nachukua sampuli migodini, niseme la upande wa pili. Kuzidisha kwingine ni mvua. Bwawa la kutuamisha tope lina ukubwa wake, na dhoruba ikilizidi, tope linapita. Ndiyo maana hata hizo kanuni za Marekani hulegeza sharti la tope wakati wa mvua kubwa. Ukifunga kwa kila kipimo kimoja kibaya, hakuna mgodi utakaomaliza masika.

Mkulima wa bondeni: Mvua gani hiyo, ndugu yangu, inayonyesha kila siku mkaguzi akija? Na anayechota sampuli ni mwajiriwa wa mgodi, siku anaijua yeye. Halafu nyote mnaongelea maji yanayotoka tu. Kisima changu kimekauka. Mgodi ukivuta maji shimoni, maji ya ardhini yanashuka hadi mbali. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa ni ukame. Nithibitishe vipi, na hakuna aliyepima kina cha kisima kabla hawajaanza?

Mpima maji: Hilo la kisima sina la kukupinga. Vipimo vya awali, misimu yote, ndivyo vingekuwa shahidi wako. Bila hivyo ni neno lako dhidi ya lao.

Mpita njia: Na ajira za watu je?

Mleta mada: Ajira tuifungulie uzi wake. Fundi amenilegeza, nakubali. Nabadili hoja: sampuli ichukuliwe na asiyelipwa na mgodi, visima vya jirani vipimwe kabla ya kibali kutolewa, na ukivunja mara ya tatu uchimbaji usimame huku pampu zikilipwa na dhamana. Mpima maji, mara ya tatu ni haki, au bado utanitajia mvua?

Mpima maji: Mara ya tatu ndani ya muda gani? Mwaka, nakubali. Miaka mitano, mvua nitaitaja.