Darasa la awali: kushindwa kungoja zamu ni utukutu au ubongo haujakomaa?

mwl_awali

Habari wadau. Darasa la awali, watoto 62, wengi wana miaka 5, mwalimu mmoja. Foleni ya uji ni kusukumana. Ukiuliza swali wanapayuka wote kwa mpigo, na mtoto akinyang'anywa kifutio anajibu kwa ngumi. Kwenye semina tunaambiwa "ubongo wao bado haujakomaa". Je, ni kweli, au tunawatafutia watukutu udhuru? Na kama kuna mazoezi ya kusaidia, ni yapi hasa, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki? "Cheza nao" nimeshaisikia. Naomba hatua.

makuzi_saikolojia

Mwalimu, ni kweli, ila ni nusu ya ukweli.

Kazi ya kujizuia hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, na hiyo ni kati ya sehemu zinazochelewa sana kukomaa. Huendelea kujengeka mpaka mtu ana miaka ishirini na kitu. Kwa ukubwa, ubongo wa mtoto wa miaka 5 umeshafika karibu asilimia 90 ya ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo shida si udogo wa kichwa. Shida ni njia zinazounganisha sehemu hiyo ya mbele na zile za ndani zinazowasha hasira na woga: bado ni za vumbi, hazijapigwa lami.

Nusu ya pili ni kwamba umri peke yake hautoshi, njia hizo huimarika kwa kutumika. Na kati ya miaka 3 na 6 ndipo uwezo huu hupiga hatua kubwa, kwa hiyo mpo mahali pazuri.

Ukitaka kuiona hali hii kwa macho, chukua vizibo vya soda, vyekundu na vya bluu, vingine vimechorwa nyota, vingine duara. Mwambie mtoto avitenge kwa rangi. Akishazoea, mwambie: sasa tenga kwa mchoro. Mtoto wa miaka 3 ukimuuliza kanuni mpya anakutajia vizuri kabisa, halafu mkono unaendelea kutenga kwa rangi. Huo si ukaidi. Anaijua kanuni lakini hawezi kuizima ile ya zamani. Wengi wa miaka 5 hubadili bila taabu. Kama wako wa miaka 5 au 6 bado anakwama, umeshajua wa kumwangalia kwa karibu.

Sasa zoezi. Mnalo tayari uwanjani: "Nyama nyama nyama". Kiongozi akitaja nyama inayoliwa, watoto wanaruka na kuitikia "Nyama!", akitaja isiyoliwa, wanatulia. Watafiti wa ubongo hupima uwezo wa kujizuia kwa jaribio la namna hiyohiyo, wao wakitumia kitufe na kompyuta. Ila mchezo ukichezwa ovyo haufundishi kitu, kwa hiyo:

Uwiano kwanza. Taja zinazoliwa tatu au nne kwa kila moja isiyoliwa. Ng'ombe, mbuzi, kuku, kondoo... paka! Ukichanganya nusu kwa nusu, mtoto hapati mazoea ya kuruka, na pasipo mazoea hakuna cha kuzuia. Usifanye mpangilio unaotabirika pia, watauhesabu.

Kasi: jina moja kila sekunde mbili hivi. Ukienda polepole, mtoto anapata muda wa kumchungulia jirani na kumuiga, na hapo amefanya zoezi la kuiga.

Wanyama wasiwe na utata. Nguruwe kwenye darasa la mchanganyiko ataleta mjadala badala ya mchezo. Paka, fisi na mbwa wanatosha.

La muhimu kuliko yote: futeni sheria ya kutoka. Kwa kawaida anayekosea anatolewa nje ya duara. Maana yake yule mwenye kujizuia kudogo anacheza sekunde 20 na anakaa pembeni, huku anayejiweza anafanya mazoezi dakika 10 nzima. Anayekosea akae ndani, ashike kichwa raundi moja, aendelee.

Wiki ya kwanza kanuni ya kawaida. Ya pili, igeuzeni: ruka kwa isiyoliwa, tulia kwa inayoliwa. Ya tatu, ongeza amri ya pili, kwa mfano kuku ni kupiga makofi badala ya kuruka. Dakika 8 hadi 10, mara nne au tano kwa wiki. Wakishaacha kukosea kabisa, mchezo umekuwa mwepesi, panda ngazi.

mdau_mitaala

Naunga mkono hapo juu, hasa kuhusu kutotoa watoto nje. Lakini tusimuuzie mwalimu dawa ya kila ugonjwa.

Mazoezi ya kujizuia humfanya mtoto awe hodari kwenye mazoezi hayo kwanza. Uwezo huo hauhami wenyewe kutoka mchezoni hadi kwenye foleni ya uji. Programu nyingi za kompyuta za "kunoa kumbukumbu" zilikwama hapohapo: alama za mchezo zilipanda, hesabu na kusoma vikabaki palepale. Kwa hiyo zoezi lifanyike pia ndani ya shughuli yenyewe. Tools of the Mind, mpango wa kufundishia watoto wa awali kujitawala, ambao mtafiti wa ubongo Adele Diamond na wenzake waliufanyia utafiti Marekani na kuuchapisha 2007, una mbinu nyepesi mno. Watoto wawili wawili wanasimuliana kitabu cha picha, mmoja ana kadi yenye picha ya mdomo, mwenzake yenye picha ya sikio. Mwenye sikio anasikiliza, kisha wanabadilishana. Kadi inamkumbushia mtoto kile ambacho kichwa chake bado hakiwezi kukishikilia. Tafiti zilizofuata juu ya mpango mzima zilitoa matokeo ya kupishana, lakini kadi ni kipande cha boksi, huna cha kupoteza.

Pia msipime watoto wetu kwa kile kipimo cha peremende cha Marekani (mtoto anawekewa peremende moja, asipoila mpaka mwisho anapewa mbili). Utafiti uliolinganisha watoto wa miaka 4 wa jamii ya Nso, Kameruni, na wa Ujerumani ulikuta takriban asilimia 70 ya Wanso walingoja, Wajerumani chini ya 30. Malezi yana mkono mkubwa hapo.

Na fimbo, kwa kuwa lazima itatajwa. Mwaka 2011 mtafiti wa saikolojia ya watoto Victoria Talwar na wenzake walichapisha ulinganisho wa shule mbili za Afrika Magharibi, moja inachapa, nyingine haichapi. Kwa watoto wa chekechea, wa shule ya fimbo hawakuwa nyuma. Kufikia darasa la kwanza, wa shule isiyochapa waliwazidi kwenye vipimo vya kujizuia na kubadili kanuni. Ndiyo maana fimbo hudanganya: mwanzoni darasa linatulia kweli.

mwl_awali

Asanteni sana. Swali moja: kwa watoto 62 nawaonaje wanaokosea? Na huyu wa ngumi nimfanyeje wakati anapiga, si baadaye?

makuzi_saikolojia

Gawa duara mbili, la ndani na la nje. La ndani linacheza, la nje kila mtoto anamtazama mwenzake mmoja na kushika bega lake akikosea. Baada ya dakika 4 wanabadilishana. Anayetazama naye anafanya kazi ya kuishika kanuni kichwani, kwa hiyo hapotezi muda.

Wa ngumi: akiwa amewaka, hotuba haiingii. Mtenganishe, shuka chini mlingane kimo, sentensi fupi moja: "Umekasirika, kifutio kimechukuliwa." Subiri pumzi itulie, ndipo umpe maneno ya kusema: "Nirudishie, bado natumia." Ayaseme kwa sauti, kwa mwenzake, palepale, huku umesimama naye. Kosa la kawaida ni kumlazimisha aseme "samahani" kwanza. Anajifunza neno la kumalizia kesi, hajifunzi la kutumia kabla ya ngumi.

Foleni ya uji: watoto 62 wasisimame pamoja. Waite kumi kumi, wengine wakiimba wamekaa. Na maagizo yasizidi mawili kwa mara moja. "Funga daftari, nawa mikono, chukua kikombe, panga mstari" ni manne, na mtoto wa miaka 5 atabaki na la mwisho.

muuguzi_lishe

Nyongeza ndogo. Kabla ya kumwita mtoto msumbufu, angalia masikio. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja, nong'ona "paka", "maji", arudie. Kisha upande wa pili. Asiyerudia, au mwenye usaha sikioni, aende zahanati. Upungufu wa madini ya chuma nao hudhoofisha umakini: mwangalie viganja na ndani ya kope la chini kama vimepauka. Umri huo wanahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, kwa hiyo muulize mzazi analala saa ngapi. Njaa nayo huleta ugomvi: kama uji unatoka saa nne na nusu, jaribuni kuusogeza mapema, halafu linganisha idadi ya ngumi wiki mbili kabla na wiki mbili baada.