Msaada: kompyuta za chumba cha nyuma hazionekani kwenye mtandao wa ofisi

HatiZaShehena, Jumatatu saa 3:40 asubuhi

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada, hii ni wiki ya pili tunahamisha mafaili kwa flashi kama vile hatuna mtandao.

Nipo ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga. Tuna kompyuta nane: tano chumba cha mbele, mapokezi na sisi watu wa nyaraka, na tatu chumba cha nyuma kwa wahasibu. Zamani nilikuwa nikibofya "Network" naziona zote nane kwa majina yake. Nabofya UHASIBU-2, naingia folda ya ankara, nachukua ninachotaka, mteja anaondoka. Sasa naona tano tu za huku mbele. Wahasibu nao wanaona tatu tu, za kwao.

Kinachonichanganya ni hiki. Intaneti ipo pande zote mbili. Wahasibu wanaprinti vizuri kwenye printa iliyo mezani kwangu. Na njia ya mkato waliyonayo ya kuingia folda ya Shehena kwenye kompyuta yangu bado inafunguka, ile imeandikwa \\192.168.1.14\Shehena. Yaani wao wananifikia, mimi siwafikii.

Nimeshawasha upya mashine zote, nimewasha "Network discovery" na "File and printer sharing" kila mahali, nimebadilisha kebo mbili. Kijana aliyekuja kutazama amesema Windows imeharibika, tupige upya zote nane. Bosi ameanza kukubali. Mimi naogopa, maana kompyuta ya mhasibu wetu ina kumbukumbu za miaka sita na sina uhakika kama zina nakala pengine. Natanguliza shukrani.

KasiYaUpepo, saa 4:05 asubuhi

Pole dada. Hilo dogo. Ingia "Turn Windows features on or off", weka tiki kwenye SMB 1.0, zima fayawoli kwenye zote nane, washa upya. Zitaonekana. Mimi nimefanya hivyo ofisi mbili.

FundiKebo, saa 4:50 asubuhi

Mkuu KasiYaUpepo, nakuheshimu lakini hapa nakupinga, na dada nakuomba usifanye hata moja kati ya hayo mawili. Kupiga Windows upya nako kusubiri kwanza, hakuna dalili hata moja uliyotaja inayosema Windows imeharibika.

SMB 1.0 ni itifaki kongwe, yaani kanuni za zamani za kompyuta kupeana mafaili mtandaoni. Ni kweli zamani orodha ya kompyuta ilikuwa inakusanywa na huduma iitwayo Computer Browser iliyoegemea hiyo, ndiyo maana ushauri huu bado unazunguka. Lakini tundu lililokuwa kwenye SMB 1.0 ndilo lililopitiwa na kirusi kiitwacho WannaCry Mei 2017, kikafunga mafaili ya watu duniani kote, mpaka hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Marekebisho yalikuwa yameshatolewa tangu Machi mwaka huohuo, wengi hawakuyaweka. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, namba 1709, SMB 1.0 haiji tena imewekwa, na ile Computer Browser imeondoka nayo. Kwa hiyo mashine zenu zinatafutana kwa njia nyingine kabisa, WS-Discovery, inayotumia poti ya UDP namba 3702. Kuirudisha SMB 1.0 ili tu uone majina ni kuvunja ukuta kwa sababu mlango unakwaruza.

Jambo la pili, tenganisha kuonekana na kufikika. Kompyuta inaweza isionekane kwenye orodha na bado ukaifungua ukiandika anwani yake. Tena inaweza kuonekana na isifunguke. Ukichanganya hayo mawili utahangaika mwezi mzima.

Nifanyie hivi: kaa kwenye kompyuta yako, fungua Command Prompt, andika ipconfig. Kisha nenda UHASIBU-2 ufanye vilevile. Niletee mistari miwili tu kwa kila mashine, IPv4 Address na Default Gateway. Na unijibu: wiki hizo mbili kuna kifaa chochote kipya kiliingia ofisini?

HatiZaShehena, saa 5:30 asubuhi

Asante sana kaka. Matokeo haya:

Yangu: 192.168.1.14, gateway 192.168.1.1
UHASIBU-2: 192.168.0.103, gateway 192.168.0.1

Kifaa kipya kipo, tena viwili. Kampuni ya intaneti ilituletea ruta mpya ya mbele. Siku hiyohiyo, kwa kuwa waifai nyuma ilikuwa inafifia, bosi alinunua ruta ndogo akaiweka huko badala ya swichi ya zamani, kile kisanduku cha kugawia waya za mtandao. Kompyuta tatu za wahasibu zimechomekwa kwenye ruta hiyo ndogo, na kuna waya mmoja unatoka mbele kuingia tundu lake la bluu.

FundiKebo, saa 5:42 asubuhi

Dada, jibu ni hilo tundu la bluu.

Tazama namba ya tatu kwenye anwani: kwako ni 1, kwa wahasibu ni 0. Hiyo ni mitandao miwili. Tundu la bluu, lililoandikwa WAN, ni la kuingizia intaneti. Ukiingiza waya wa ofisi humo, ruta ndogo inadhani ofisi yenu nzima ndiyo intaneti ya nje, inajenga ua wake ndani ya ua wenu na kufunga lango.

Kompyuta za Windows hujitambulisha kwa kupiga hodi kwa sauti: mimi UHASIBU-2 nipo hapa. Sauti hiyo inasikika ndani ya ua wake tu, haivuki ruta. Ndiyo sababu kila upande unaona wenzake wa ua mmoja.

Na lile lililokuchanganya ndilo limenipa uhakika. Aliye ndani ya ua anaweza kutoka langoni, kwa hiyo wahasibu wakitaja anwani 192.168.1.14, ruta yao inawapitisha kwa jina lake yenyewe. Printa yako na folda yako zinaona kama ruta ndiyo imekuja. Lakini wewe ukitaka kuingia kwao, unagonga lango ambalo halijui akupeleke kwa nani. Windows ingekuwa imeharibika, isingeharibika kwa upande mmoja tu namna hiyo.

Matengenezo: ukiwa kwenye kompyuta ya nyuma, fungua kivinjari, andika 192.168.0.1, ingia kwa nywila ya ruta. Tazama kwanza kama ina mfumo wa "Access Point", yaani isambaze waifai tu bila kujenga ua wake. Ikiwa nao, uchague, inajipanga yenyewe. Ikiwa haina, badilisha anwani ya ruta hiyo iwe 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kingine chenye anwani hiyo, kisha zima DHCP yake ili ruta ya mbele peke yake ndiyo igawe anwani. Mwisho chomoa waya kwenye tundu la bluu uuweke kwenye moja ya yale mengine, yaliyoandikwa LAN. Fuata mpangilio huo. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP, ruta mbili zitaanza kugawa anwani kwa pamoja na hata chumba cha mbele kitayumba.

ChumbaChaSeva, saa 6:10 mchana

Naunga mkono. Naongeza kwamba kama waifai ya nyuma si lazima, rudisheni ile swichi ya zamani mahali pake, dakika mbili kazi imekwisha.

HatiZaShehena, Jumanne saa 4:20 asubuhi

Waifai wanaihitaji, simu za kazi zinaitegemea. Basi nimefuata njia ya pili, ruta haina "Access Point". Nimeandika kila hatua kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu. Waya nimeuhamisha, UHASIBU-2 sasa ina 192.168.1.31.

Lakini kaka, bado sizioni. Nikiandika \\192.168.1.31 inazunguka halafu inakataa. Nimevunjika moyo kidogo, bosi kanipa mpaka jioni.

FundiKebo, saa 4:33 asubuhi

Usivunjike moyo, umeshavuka sehemu ngumu. Kompyuta za nyuma ndiyo mara ya kwanza kukutana na ruta mpya ya mbele, kwa hiyo Windows imeuona huo kama mtandao mgeni. Waulize wahasibu, je, asubuhi kuna ujumbe ulitokea pembeni ukiuliza kama kompyuta ionekane na wengine?

HatiZaShehena, saa 4:41 asubuhi

Ulitokea. Wote watatu walibofya "No", wanasema waliogopa virusi.

FundiKebo, saa 4:48 asubuhi

Walifanya jambo la busara, ila kwa mtandao wa ofisi jibu ni jingine. Ukibofya "No" Windows inauweka mtandao kuwa "Public", kama waifai ya hotelini, na fayawoli inafunga kila anayebisha. Zile "Network discovery" ulizowasha zinahesabiwa kwa kila aina ya mtandao peke yake, ndiyo maana ulizowasha juzi hazikusaidia leo.

Kwa kila mashine ya nyuma: Settings, "Network & Internet", bofya "Properties" za muunganisho wa waya, chagua "Private". Kisha kwako fungua PowerShell uandike: Test-NetConnection 192.168.1.31 -Port 445. Ukiona TcpTestSucceeded ni True, njia ya mafaili iko wazi.

HatiZaShehena, saa 5:15 asubuhi

True! UHASIBU-1 na UHASIBU-2 zimetokea kwenye orodha. UHASIBU-3 haionekani, ila nikiandika \\UHASIBU-3 inafunguka. Halafu UHASIBU-2 inanidai jina na nywila. Mhasibu kanipa PIN yake ya tarakimu nne, inakataa.

FundiKebo, saa 5:24 asubuhi

UHASIBU-3 inafikika ila haipigi hodi. Kwenye mashine hiyo fungua services.msc, tafuta "Function Discovery Resource Publication". Naamini utaikuta imesimama. Iweke "Automatic (Delayed Start)", kisha "Start". Hiyo ndiyo inayotangaza jina la mashine kwa wenzake.

ChumbaChaSeva, saa 5:31 asubuhi

Kuhusu PIN, hiyo hufanya kazi kwa aliyekaa mbele ya mashine yenyewe tu, kupitia mtandao haikubaliki. Akaunti isiyo na nywila nayo haipiti. Na tafadhali dada, usichukue nywila ya mhasibu, wala mtu asikushawishi kuzima "Password protected sharing". Humo ndani kuna mishahara ya watu. Mwombe mhasibu atengeneze kwenye UHASIBU-2 akaunti ya kawaida iitwe nyaraka, aipe nywila, kisha aishee folda ya ankara peke yake kwa akaunti hiyo, ruhusa ya kusoma tu. Ukiingia weka tiki ya "Remember my credentials", hutaulizwa tena.

KasiYaUpepo, saa 6:02 mchana

Nimesoma mpaka hapa. FundiKebo asante, zile ofisi mbili leo jioni narudi kuzima SMB 1.0 na kuwasha fayawoli.

HatiZaShehena, saa 8:50 mchana

Wakuu, zote nane zinaonekana. Ile huduma ya UHASIBU-3 ilikuwa imesimama kweli, nimeiwasha, jina likatokea baada ya kama dakika moja. Akaunti ya nyaraka imetengenezwa na mhasibu mwenyewe, nimetoa ankara tatu bila flashi. Bosi amemwambia yule kijana asije. Mungu awabariki kwa muda wenu.

Nimebandika karatasi juu ya ruta ya nyuma: "Waya wa mbele usirudishwe tundu la bluu. Anwani ya ruta hii ni 192.168.1.2." Kesho mhasibu anaanza kunakili zile kumbukumbu za miaka sita kwenye diski ya nje.